Unataka Kumdanganya Nani? Kujibadili Sura na Kutumia Uchawi katika Gemu Nne za Njozi za Mtandaoni

Wachezaji wanaopenda mhusika mjanja, yule wa kupita langoni kwa adui akiwa na uso wa mlinzi wao, huanza kwa kuuliza gemu ipi ina uchawi mzuri wa kujibadili sura. Swali hilo haliwafikishi mbali. Karibu kila gemu ya njozi ina uchawi wa namna hiyo, na maelezo yake yanakaribiana mno. Kinachotofautiana ni yule anayekutazama. Kuna gemu ambamo unamdanganya mchezaji mwenzako, binadamu aliyekaa mbele ya kompyuta yake huko aliko. Kuna gemu ambamo unawadanganya wahusika waliokwisha kuandikwa na watengenezaji. Na kuna gemu ambamo unamdanganya mhusika anayechezwa na mwongozaji, binadamu anayesimamia mchezo, ambaye mwenyewe anajua fika wewe ni nani.

Kwa kipimo hicho nalinganisha gemu nne: Ultima Online, Baldur's Gate 3, Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D) toleo la tano likichezwa mtandaoni, na Pathfinder toleo la pili likichezwa vivyo hivyo. Mbili za mwisho zinabishaniwa sana na wanaoanza, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kumdanganya mtu halisi: Ultima Online

Ultima Online ilizinduliwa Septemba 1997 na hadi leo seva zake zinafanya kazi. Unayekutana naye barabarani anaweza kuwa mtu mwenye kumbukumbu, chuki na marafiki, kwa hiyo kuficha uso humo kuna uzito wa kipekee.

Njia ya mchawi ni Incognito, uchawi wa duara (yaani daraja) la 5 kati ya maduara 8 yenye jumla ya chawi 64. Unakupa jina jingine na sura nyingine, lakini zote mbili zinachaguliwa na gemu. Huwezi kujifanya fulani. Unachoweza ni kuacha kuonekana wewe. Na muda ni mfupi: mchawi mwenye ujuzi wa 100 hupata kama dakika mbili. Mwizi ana bahati zaidi. Vifaa vya kujibadili vinatumiwa na wanachama wa chama cha wezi peke yao, na sura hiyo inaweza kudumu hadi saa mbili. Naupenda uamuzi huo wa watengenezaji: mtu aliyejifunza kazi ya kujificha amepewa muda mrefu kuliko aliyeazima nguvu za kichawi.

Jambo ambalo mgeni hulijua akiwa amechelewa ni kwamba uchawi humo unasemwa kwa sauti. Ukianza tu, maneno yake hutokea juu ya kichwa chako na kila aliye karibu anayasoma. Incognito ni Kal In Ex. Mshale wa nishati ni Corp Por. Mkongwe akiona Kal In Ex ameshajua kinachofuata, hata kabla sura haijabadilika. Basi ukijibadili sokoni mbele za watu, hujamdanganya yeyote. Tafuta kichaka au chumba kitupu kwanza. Beba pia viungo, kwa maana uchawi wa pale hula mali: kuna viungo vya msingi vinane, na Incognito inataka vitatu, kimojawapo kitunguu saumu. Ukipigwa ukiwa katikati ya kutamka, uchawi hukatika.

Hakuna anayekurushia dadu ili akugundue. Mwenzako anakumbuka unavyoandika, unavyokimbia, marafiki unaotembea nao. Kwa anayetaka udanganyifu wa kweli kati ya mtu na mtu, sijaona kanuni yoyote kati ya hizi nne inayoikaribia.

Kuwadanganya walioandikwa: Baldur's Gate 3

Baldur's Gate 3 ya Larian Studios ilitoka Agosti 2023 kwa kompyuta. Inachezwa peke yako au mtandaoni hadi watu wanne, na msingi wake ni kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano, zikiwa zimepunguzwa makali ili kompyuta iweze kuzisimamia.

Disguise Self humo ni wa ngazi ya 1, na umekuwa mkarimu kupita ulivyo kwenye kitabu. Hauishi baada ya saa moja. Unakaa hadi kundi lipumzike usiku. Nje ya vita hauli hata moja ya nafasi za uchawi, zile chache unazotumia kisha zinaisha mpaka upumzike. Unachagua umbo kutoka kwenye orodha ya jamii za gemu, ukageuka mtu wa jamii hiyo, na wahusika wengi wanakupokea hivyo. Fika kwenye kambi ya magoblini ukiwa na sura ya drow (elf wa gizani), uone heshima utakayopewa tofauti na anayoipata binadamu.

Matumizi ninayoyasifu zaidi ni kwa maiti. Gemu ina Speak with Dead, uchawi wa kumhoji marehemu kwa maswali matano. Marehemu hakubali kuzungumza na aliyemuua. Jibadili sura kwanza, urudi, naye atajibu. Hapo kanuni mbili zinakutana bila mtu yeyote kukueleza, na unapoligundua mwenyewe unahisi umeushinda ulimwengu wote kwa akili.

Ila kuna mpaka. Mhusika aliyeandikwa anashangaa pale tu mwandishi alipomwandikia ashangae. Ukivaa sura ya jamii fulani mbele ya mtu ambaye watengenezaji hawakumpa maneno ya ziada, anaendelea na mazungumzo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wala huwezi kuchukua uso wa mlinzi yule uliyemwona jana. Orodha ni orodha. Na kwa kuwa unaweza kuhifadhi mchezo kabla ya kila hatari na kurudi nyuma ukikosea, ile hofu ya kugunduliwa, ambayo ndiyo utamu wa kazi hii, hupungua sana.

Mwongozaji mezani: D&D na Pathfinder

Hapa mchezo ni wa kuzungumza. Mwongozaji anaeleza mahali, wachezaji wanasema wanachofanya, dadu ya pande 20 inaamua yenye mashaka. Mtandaoni watu hukutana kwa sauti au maandishi kupitia Discord, na ramani huwekwa kwenye Roll20 au Foundry. Unaweza kujifanya yeyote, popote, kwa sababu anayejibu ni binadamu anayeweza kubuni jibu papo hapo.

Tuanze na D&D. Disguise Self wa kitabuni ni wa ngazi ya 1, unadumu saa moja, na hauhitaji umakini wa kuendelea kuushikilia. Unabadilisha mwonekano wako pamoja na nguo, silaha na vitu ulivyobeba. Kimo kinaweza kuongezeka au kupungua kwa takriban sentimita 30, lakini mpangilio wa viungo vya mwili lazima ubaki uleule: mwenye miguu miwili hageuki farasi. Na ni kiini macho kitupu. Ukijiwekea kofia, mkono wa mtu hupita katikati yake. Ukijionyesha mwembamba, anayekukumbatia hukutana na tumbo lako halisi hewani. Sauti nayo haibadiliki, kwani kiini macho hiki ni cha macho tu.

Anayetaka kukugundua kwa kutazama hutumia tendo lake zima kukuchunguza, kisha hurusha dadu ya Akili akishindana na kizingiti cha uchawi wako: 8, jumlisha umahiri, jumlisha kipawa chako. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye Haiba ya 16 ana kizingiti cha 13, yaani 8 + 2 + 3. Mlinzi wa kawaida asiye na nyongeza yoyote anahitaji kupata 13 au zaidi, yaani mara 8 katika 20. Ukitazama namba hiyo peke yake utaona ni hatari. Lakini soma tena: *hutumia tendo*. Mlinzi hachunguzi kila anayepita. Mpaka ashuku, hakuna dadu. Kwa hiyo katika D&D kazi yako kubwa ni tabia: jibu haraka, usisite kwenye jina la nahodha, usikubali kushikana mikono. Meza nyingi hulisahau hili, mwongozaji akarushia dadu kila mlinzi anayekupa kisogo, na uchawi mzuri ukaonekana mbovu.

Ukitaka sura inayostahimili mguso kuna Alter Self, ngazi ya 2. Mwili wenyewe unageuka, sauti pia. Gharama yake ni umakini: ukijeruhiwa, unarusha dadu ya Ustahimilivu dhidi ya 10 au nusu ya majeraha, ile iliyo kubwa. Pigo la pointi 8 ni kizingiti cha 10. Pigo la pointi 30 ni 15. Ukishindwa, uso wako unarudi mbele ya kadamnasi. Nguo zako pia hazibadiliki, kwa hiyo sare ya mlinzi itafute mapema. Kwa kundi zima kuna Seeming ya ngazi ya 5, saa 8, bila umakini. Nayo ndiyo iliyowahi kuokoa operesheni nyingi ambazo mwizi mmoja alikuwa tayari lakini wenzake wanne wamevaa deraya za kelele.

Asiye mchawi naye hajaachwa. Vifaa vya kujibadili vinauzwa vipande 25 vya dhahabu, na kipaji kiitwacho Actor kinamwezesha mtu kuiga sauti aliyoisikia kwa dakika moja tu. Nafikiri kuunganisha hivyo viwili na Disguise Self ndiyo silaha kali kuliko zote katika toleo hili: uchawi unaziba macho, kipaji kinaziba masikio. Aliye mchawi wa aina ya warlock achukue Mask of Many Faces, inayompa Disguise Self bila kikomo na bila kula nafasi. Ningemshauri hivyo mtu yeyote anayeanza na mhusika wa aina hii, maana uchawi unaotumika bila kuhesabu humfundisha mchezaji kuutumia kwa mambo madogo, na humo ndimo ubunifu unapozaliwa.

Sasa Pathfinder toleo la pili, lililotoka 2019 na kuhaririwa upya kuanzia 2023. Falsafa yake imegeuzwa. Katika D&D uchawi una kizingiti chake wenyewe; katika Pathfinder uchawi unamsaidia mtu mwenye ujuzi wa Ulaghai. Kujifanya mtu mwingine ni kazi ya ujuzi inayochukua dakika 10 na vifaa. Illusory Disguise, wa ngazi ya 1 na wa saa moja, unahesabiwa kuwa umekwisha kuandaa sura hiyo, unakupa nyongeza ya 4 kwenye Ulaghai, na hata usiye na mafunzo unaongezewa ngazi ya mhusika wako. Katika ngazi hiyo ya kwanza uchawi huo haukuruhusu kujifanya mtu maalumu, wala haugusi sauti na harufu. Ukiupandisha hadi ngazi ya 2 sauti na harufu zinafichwa. Ngazi ya 3 ndipo unapoweza kuwa fulani mwenye jina lake. Kuna ngazi za ukuaji, na mchezaji anaziona mbele yake tangu siku ya kwanza.

Swali la lini dadu irushwe limeandikwa wazi zaidi kuliko kwa jirani yake. Wapita njia hawakugundui mpaka mmoja wao aamue kutafuta. Ukizungumza naye ana kwa ana, mwongozaji anarusha Ulaghai wako *kwa siri* dhidi ya Utambuzi wake. Wewe huoni namba. Unaongea na kamanda, anatabasamu, anakukaribisha ndani, na hujui kama amekuamini au anakupeleka kwa askari. Hapo mtandao una faida juu ya meza ya mbao: Foundry inaweza kupeleka matokeo ya dadu kwa mwongozaji peke yake, hata aliyeirusha asiyaone. Na ukishindwa vibaya, yaani kwa 10 au zaidi chini ya kizingiti, si kwamba anajua tu unajifanya. Kama anakufahamu, anakutambua ni wewe.

Kwa kazi ya ujasusi, dadu hiyo ya siri inanifanya niiweke Pathfinder mbele ya D&D. Kwa furaha ya kubuni bila kufungwa, naiweka D&D mbele. Siwezi kuzilinganisha sawasawa kwa sababu zinatafuta vitu viwili tofauti.

Uchawi unaonekana wapi

Sura ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutumia uchawi bila kukamatwa ukiutumia, na hapa wengi huumbuka wakiwa tayari ndani ya kasri.

D&D inadai sehemu za uchawi: maneno yanayotamkwa, ishara za mkono, na mara nyingine kitu cha kushika. Disguise Self ina maneno na ishara. Mwenye mdomo uliozibwa au aliye ndani ya eneo la ukimya hawezi. Mwenye mikono iliyofungwa pia. Maana yake ukiwa karamuni mbele ya mfalme, kuanzisha uchawi wowote wa kawaida ni kujitangaza. Mwokozi ni mchawi wa aina ya sorcerer mwenye Subtle Spell: kwa pointi moja ya uchawi wake anaondoa maneno na ishara zote mbili. Hata adui mwenye Counterspell, uchawi wa kuzuia uchawi wa mwingine, hukosa la kufanya na uchawi usiohitaji kitu cha kushika, kwa kuwa lazima akuone ukitumia ndipo aweze kukuzuia.

Pathfinder ni kali zaidi. Kutumia uchawi huleta dalili za wazi, kama mwanga au sauti, mpaka uwe na kipaji cha kuficha au uchawi wenyewe uwe wa kificho. Chawi nyingi hula matendo mawili kati ya matatu ya zamu yako, na zile zinazohitaji mikono zinampa adui aliye karibu na mwenye uwezo huo nafasi ya kukupiga. Akipiga pigo la hatari, uchawi wako umevurugika. Baldur's Gate 3 imeyafuta mengi ya haya. Ukimya bado unazuia maneno, lakini mikono na vitu vya kushika havihesabiwi, na ndiyo maana anayetoka huko kuja mezani hushangaa akiambiwa mlinzi amemwona akipunga vidole.

Mfuko na bando

Hili haliandikwi sana na linaamua mengi kwetu. Baldur's Gate 3 inahitaji nafasi ya gigabaiti 150, diski ya SSD na angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu. Kwa anayeishi kwa bando la simu, kuipakua pekee ni mradi wa mwezi. Ultima Online ni ya zama za kompyuta dhaifu, na tangu 2018 ina akaunti ya bure yenye mipaka. Kikwazo chake ni umbali wa seva, kwa sababu uchawi unaokatizwa kwa pigo hauvumilii mtandao unaosuasua.

Meza za mtandaoni ndizo rahisi kuliko zote. Roll20 ina akaunti ya bure. Foundry hununuliwa mara moja na mwongozaji, wachezaji wakiingia kwa kivinjari tu. Meza inayoandika badala ya kuongea hutumia data kidogo kabisa, na kwa mhusika wa kujibadili ni bora hata zaidi: hakuna anayesikia sauti yako halisi ikitetemeka unapodanganya, na mwongozaji anaweza kukutumia ujumbe wa faragha bila wenzako kushuku. Kanuni zenyewe hazilipiwi. Za Pathfinder zimo zote kwenye Archives of Nethys kwa idhini ya wenyewe. Za D&D, sehemu ya msingi ilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na Disguise Self, Alter Self, Seeming na Mask of Many Faces vyote vimo.

Nani achukue ipi

Mwenye kompyuta nzuri, asiye na kundi, anayetaka kuonja tu, aanze na Baldur's Gate 3, na asiache kumhoji marehemu. Anayetaka kuishi maisha ya jina jingine kati ya watu, kwa wiki na miezi, aende Ultima Online akajiunge na wezi badala ya kuhangaika na viungo vya Incognito. Mwenye marafiki wanne na jioni moja kwa wiki achague meza: D&D kama kundi linapenda kucheka na kubuni, Pathfinder kama linapenda mipango, ramani na jasho la kutojua.

Ukichagua meza, kabla ya kuandika jina la mhusika mwulize mwongozaji wako mambo matatu. Mlinzi anarusha dadu akinitazama tu, au mpaka ashuku? Watu wa mji huu wanafanya nini wakimwona mtu akitumia uchawi hadharani? Na sura yangu ikigunduliwa, nitapewa nafasi ya kujieleza, au panga linatangulia? Majibu yake yatakuonyesha kama uchukue Subtle Spell, Actor, au viatu vya kukimbilia.